Jino la Mama Mwenye Mimba: Maneno Matano ya Kupambanuliwa katika Tarime na Serengeti

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, si jambo la nadra mwanamke mwenye mimba aumwaye jino kuambiwa na wakubwa wa nyumba, "Vumilia, mwanangu, mpaka ujifungue." Akiisha kujifungua huambiwa, "Ngoja kwanza mtoto aache ziwa." Basi, kwa kuwa mtoto hunyonya mwaka mmoja na zaidi, na pengine mimba ya pili hufuata karibu, ngoja hiyo huwa haina mwisho. Jino lililokuwa na tundu dogo, ambalo lingalizibwa kwa muda wa nusu saa, huoza mpaka mzizini, usaha hukusanyika, na yule aliyeogopa kuzibwa jino moja mwishowe hung'olewa matatu.

Shauri hili halitolewi kwa ubaya. Latoka katika kumhurumia mtoto aliye tumboni. Lakini ukilichunguza utaona ya kuwa limejengwa juu ya maneno machache, ambayo kila moja lina maana mbili au tatu, nayo husemwa kana kwamba yana maana moja tu. Sindano ni sindano, dawa ni dawa, zebaki ni zebaki, kuziba ni kuziba. Kwa tabibu wa meno sivyo ilivyo. Walimu, mapadre na wachungaji, ambao mara nyingi huulizwa mambo haya kabla ya tabibu kuulizwa, yafaa wajue kuyapambanua; si ili watibu, bali ili wasimzuie mtu matibabu yamfaayo, wala wasimruhusu kutumia kitu kisichomfaa.

Wala mtu asidhani ya kuwa watu wa nchi hii huogopa chuma kinywani. Wazanaki, walio jirani upande wa Butiama, walikuwa na desturi ya kuchonga meno ya mbele yakawa na ncha, na Mwalimu Julius Nyerere (1922–1999) alichongwa hivyo katika ujana wake. Wajaluo wa kando ya Ziwa, ambao wengi wao sasa wamo katika wilaya ya Rorya iliyokatwa kutoka Tarime mwaka 2007, walikuwa wakiwang'oa vijana wao meno sita ya chini. Watu hawa waliyavumilia maumivu bila ganzi. Woga tunaouzungumzia hapa, basi, si woga wa mama kwa nafsi yake. Ni woga kwa ajili ya mtoto. Kwa hiyo haufai kudharauliwa, bali kupewa majibu.

1. Mtoto na jino

Neno la kwanza ni usemi, nao hupatikana katika mataifa mengi, Ulaya na Afrika pia: kwamba kila mtoto humgharimu mama yake jino moja. Wausemao hueleza ya kuwa mtoto hufyonza chokaa ya meno ya mama ili ajenge mifupa yake. Ikiwa ndivyo, jino litaoza tu, na kulitibu ni kazi bure.

Sivyo. Chokaa iliyo katika jino lililokomaa hairudi katika damu. Mtoto hupata chokaa yake katika chakula alacho mama, na chakula kikipungua, katika mifupa ya mama. Katika meno yake hachukui kitu. Meno huozeshwa na vijidudu vilivyo katika ukoga, ambavyo hula sukari na mabaki ya chakula, vikatoa asidi iyeyushayo jino. Hufanya hivyo kwa mwenye mimba na kwa asiye na mimba, kwa mwanamume na kwa mwanamke.

Hata hivyo usemi huo haukuzaliwa bure. Waliousema kwanza waliona kwa macho yao ya kuwa meno ya wanawake huharibika zaidi wakati wa uzazi, nao hawakukosea katika kuona, bali katika kueleza sababu. Sababu ziko nne. Kwanza, mabadiliko ya mwili wakati wa mimba hufanya fizi zivimbe na kutoa damu upesi, na hali hii huwapata zaidi ya nusu ya wanawake wenye mimba. Pili, matapishi ya miezi ya kwanza yana asidi kali ya tumbo, nayo hulainisha uso wa jino. Tatu, mama mwenye kichefuchefu hula kidogo kidogo mara nyingi, na pengine hunywa chai yenye sukari nyingi mchana kutwa. Nne, mswaki humtia kichefuchefu, akauacha.

Katika sababu hizi hakuna hata moja isiyo na dawa. Baada ya kutapika, mama asukutue kwa maji safi, angoje kama nusu saa ndipo apige mswaki, maana kusugua jino lililolainishwa ni kulikwangua. Fizi zikitoa damu, hiyo si ishara ya kuacha mswaki, bali ni ishara ya kuupiga vema zaidi, kwa upole, asubuhi na usiku, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Asiyeweza kupata mswaki wa dukani, mswaki wa mti uliotafunwa vizuri wamfaa. Na jino likiwa limekwisha kutoboka, mswaki hauwezi kulizibua wala kuliziba. Hapo hapana budi tabibu.

2. Sindano

Neno la pili ni sindano. Kwa Kiswahili cha kila siku chanjo ni sindano, dawa ya homa ni sindano, ya kupanga uzazi ni sindano, na ya ganzi ni sindano. Mwanamke aliyesikia ya kuwa sindano fulani haifai kwa wenye mimba huzikataa zote.

Sindano ya ganzi ya tabibu wa meno huwa na dawa iitwayo lidokaini. Hudungwa kwenye ufizi, mahali penye jino, nayo hukaa karibu na hapo. Kiasi kidogo tu hufika katika damu. Mwaka 2015 wataalamu wa Israeli walichapisha habari za wanawake 210 waliotiwa ganzi ya meno wakiwa na mimba, wakawalinganisha na wengine 794 ambao hawakutiwa. Hawakuona ya kuwa watoto wa kundi la kwanza walizaliwa na ulemavu zaidi ya wale wa kundi la pili kwa kadiri iwezayo kuhesabiwa kuwa si bahati tu.

Kabla ya hapo, mwaka 2006, ulichapishwa uchunguzi mkubwa wa Marekani wa wanawake 823 wenye ugonjwa wa fizi. Nusu yao walisafishwa na kutibiwa fizi kabla ya juma la 21 la mimba, na nusu wakangojewa mpaka wajifungue. Wataalamu walitumaini ya kuwa matibabu yangepunguza watoto wazaliwao kabla ya wakati. Hayakupunguza, lakini pia hayakuongeza, wala hayakuleta madhara, na fizi za wale waliotibiwa zilipona. Katika wanawake hao hao wamo waliong'olewa au kuzibwa meno kati ya juma la 13 na la 21, na mwaka 2008 ikaonyeshwa ya kuwa nao hawakupata hasara zaidi ya wenzao.

Kwa hiyo si kweli ya kuwa mimba huzuia matibabu ya meno. Lililo kweli ni kwamba kuna wakati ufaao zaidi. Miezi mitatu ya kwanza mama husumbuliwa na kichefuchefu, na viungo vya mtoto ndipo vinapoumbwa. Miezi ya mwisho tumbo huwa zito na kulala chali ni taabu. Kazi isiyo ya haraka, kama kuziba tundu lisilouma sana, hufaa kufanywa kati ya mwezi wa nne na wa sita. Lakini usaha, uvimbe na maumivu makali havingoji mwezi, navyo hutibiwa wakati wowote wa mimba.

Jambo moja mama mwenyewe aweza kumkumbusha tabibu. Mimba ikiwa kubwa, akilala chali kabisa mtoto hukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni, na mama huona kizunguzungu hata kuzimia. Dawa yake ni nyepesi: awekewe nguo iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia, mwili uinamie kidogo upande wa kushoto. Na ikihitajiwa picha ya eksirei ya jino, miale yake ni michache sana nayo huelekezwa kinywani, si tumboni. Hupigwa pale tu tabibu aonapo haja.

Kwa mama anyonyeshaye habari ni fupi zaidi. Ganzi iingiayo katika maziwa ni kidogo mno, na tumbo la mtoto huipokea kwa shida. Hapana haja ya kumwachisha mtoto ziwa, wala ya kukamua maziwa na kuyamwaga. Akitoka kwa tabibu aweza kumnyonyesha papo hapo.

3. Dawa

Neno la tatu, dawa, ndilo lenye hatari zaidi, kwa sababu hapa woga wa watu umegeuzwa. Mwanamke aogopaye sindano ya ganzi isiyomdhuru, mara nyingi haogopi kununua vidonge dukani na kuvimeza mwezi mzima ili anyamazishe jino. Huko dukani hutaja rangi ya dawa badala ya jina lake: "Nipe ile ya rangi mbili," au, "Nipe ile nyeupe ya maumivu." Rangi si jina. Vidonge viwili vya rangi moja vyaweza kuwa dawa mbili tofauti kabisa.

Tuzitaje basi kwa majina yake. Parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol, ndiyo ya kwanza kutumiwa kwa maumivu wakati wa mimba na wa kunyonyesha pia, kwa kipimo kilichoandikwa na kwa siku chache. Ibuprofeni, diklofenaki, na aspirini inayomezwa kwa maumivu, ni za kuepukwa katika mimba, hasa kuanzia juma la 20. Zaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yamzungukayo, na katika miezi mitatu ya mwisho zaweza kuufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake. Lakini hapa tena yatupasa kupambanua: ibuprofeni hiyo hiyo, iliyo mbaya kwa mama mwenye mimba kubwa, yakubaliwa kwa mama anyonyeshaye. Kodeini na tramadoli, ambazo ni kali zaidi, hazimfai anyonyeshaye, kwa kuwa zaweza kupita katika maziwa na kuzuia pumzi ya mtoto.

Katika dawa za kuua vijidudu, amoksilini na penisilini zimetumiwa na wenye mimba kwa miaka mingi, nazo hutolewa na tabibu jipu likiwapo na mgonjwa akiwa hana mzio wake. Tetrasaiklini na doksisaiklini ni za kukataliwa. Sababu yake yafaa kuwaeleza akina mama, maana ni jambo la kushangaza: meno ya mtoto huanza kuwa magumu akiwa bado tumboni, yapata mwezi wa nne, na tetrasaiklini aliyomeza mama hushikamana nayo, na meno hayo yakiota baadaye huwa na rangi ya manjano au kahawia. Mama aliyetafuta nafuu ya jino lake kwa njia hiyo ameliharibu jino la mwanawe kabla halijaonekana.

Tena ifahamike ya kuwa dawa yo yote ya kumeza haitoi uozo ndani ya jino. Hupunguza maumivu au usaha kwa siku chache, kisha ugonjwa hurudi, kwa kuwa chanzo chake kimeachwa mahali pake. Karafuu, tumbaku na majani yatiwayo katika tundu ni vivyo hivyo.

4. Zebaki

Neno la nne limeletwa na habari za siku hizi, nalo ni zebaki. Neno lenyewe ni la asili ya Kiarabu, nalo ni jina la madini yale mazito yang'aayo kama fedha na kutiririka kama maji. Katika Tarime na Serengeti watu hulijua neno hili kwa sababu ya dhahabu kuliko kwa sababu ya meno.

Kwa muda wa zaidi ya miaka 150 matabibu wa meno wameziba matundu kwa mchanganyiko uitwao amalgamu. Karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na nusu nyingine ni unga wa fedha, bati na shaba. Ukikandwa huwa laini. Ukikaa jinoni hukauka ukawa mgumu kama chuma. Ni imara na si ghali, lakini hutoa mvuke kidogo kidogo wa zebaki, hasa unapotiwa, unapochimbuliwa, na mtu anapotafuna sana. Mvuke huo huingia katika damu kwa njia ya pumzi, nao hupita hata kwa mtoto aliye tumboni. Sehemu ndogo huingia katika maziwa.

Je, kiasi hicho humdhuru mtoto? Wataalamu hawakupata jibu moja. Mwaka 2005, katika jimbo la Washington, Marekani, walitazamwa wanawake 1,117 waliozaa watoto wenye uzito mdogo, wakalinganishwa na 4,468 waliozaa watoto wenye uzito wa kutosha. Haikuonekana ya kuwa kuzibwa jino kwa amalgamu wakati wa mimba kulipunguza uzito wa mtoto. Lakini mwaka 2018 ulichapishwa uchunguzi wa Norwei wa mimba zaidi ya 72,000. Kwa wanawake wasio na jino lo lote lenye amalgamu, watoto waliokufa karibu na kuzaliwa walikuwa kama 2 katika kila 1,000. Kwa wale wenye meno 13 au zaidi yaliyozibwa hivyo, walikuwa kama 7. Uchunguzi wa namna hii hauthibitishi ya kuwa zebaki ndiyo sababu, maana mwenye meno mengi mabovu aweza kuwa na mashaka mengine pia. Lakini watu wenye hekima wakiona shaka, na njia nyingine ikiwapo, huifuata ile njia nyingine.

Ndivyo mataifa yalivyofanya. Nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia amalgamu kwa watoto wa chini ya miaka 15 na kwa wanawake wenye mimba au wanyonyeshao kuanzia Julai 1, 2018, isipokuwa tabibu aone ni lazima kabisa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa shauri la namna hiyo Septemba 2020. Upo pia mkataba wa mataifa yote juu ya zebaki, uitwao Mkataba wa Minamata, uliotiwa sahihi Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika Agosti 16, 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Machi 2022, katika mkutano wa Bali, Indonesia, mkataba huo uliongezewa sharti kwamba amalgamu isitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka 15, wala kwa wenye mimba na wanyonyeshao, ila tabibu akiona haja ya mgonjwa yalazimisha. Nchi za Afrika zilikuwa miongoni mwa zile zilizolisukuma jambo hili kwa nguvu. Novemba 2025, huko Geneva, mataifa yalikubaliana kuikomesha amalgamu katika meno ya watu wote ifikapo mwaka 2034.

Hapa kuna mapambanuo mawili yasiyopasa kusahauliwa.

La kwanza: kutotia amalgamu mpya ni jambo moja, na kuchimbua ya zamani ni jambo jingine. Mama akiwa na jino lililozibwa kwa amalgamu miaka iliyopita, nalo ni zima, haliumi wala halikuvunjika, aliache. Kulichimbua kwa mashine hutoa mvuke mwingi kwa mara moja kuliko ule ambao lingetoa kwa muda mrefu likiachwa. Asemaye, "Mkaking'oe hicho cheusi kabla mtoto hajazaliwa," amtakia mtoto heri kwa maneno, lakini amletea kile kile akiogopacho.

La pili: zebaki ya jinoni si sawa na zebaki ya dhahabu kwa wingi wake. Wachimbaji wadogo, katika Nyamongo na kwingineko, huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu; zebaki huikamata dhahabu ikawa donge; kisha donge huchomwa juu ya moto, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Mvuke upaao hapo hauonekani wala haunuki, nao ni mwingi kuliko wa jino kwa kadiri isiyolinganishika. Wanawake hufanya kazi katika mialo ya kuchenjulia, pengine na mtoto mgongoni. Na wako wachomao donge hilo jikoni au chumbani kwa kuogopa wezi. Na jina la mkataba tulioutaja lina habari yake. Minamata ni mji wa Japani ambako zebaki ya kiwanda iliingia baharini, ikageuka sumu ya namna nyingine ndani ya samaki, na mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa. Huko walionekana akina mama wenye dalili ndogo tu, au wasio nazo, waliozaa watoto wenye ulemavu mzito wa ubongo. Namna ile ya zebaki siyo ya jinoni wala siyo ya donge la dhahabu, lakini ilifundisha jambo moja kwa wote: mtoto tumboni huumia kwa kiasi ambacho mama yake hakihisi.

Kwa hiyo katika vijiji vya machimbo, mwenye kuhubiri hatari ya zebaki katika jino, akanyamaza juu ya donge lichomwalo jikoni, ameonya juu ya cheche akauacha moto. Mama mwenye mimba au anyonyeshaye asishike zebaki, asikae karibu na mahali ichomwapo, wala isichomwe katika nyumba wanamolala watoto.

5. Kuziba

Neno la tano ni kuziba. Mtu akisema, "Nimeziba jino," hasemi kwa kitu gani. Naye asikiaye habari za zebaki hudhani kila jino lililozibwa lina zebaki. Ndiyo sababu wako wanawake ambao, kwa kuikimbia zebaki, huchagua kung'oa jino liwezalo kupona. Hao wamepoteza jino bila sababu, kwa kuwa ziko namna nyingine za kuziba.

Namna moja ni ya utomvu mgumu wenye rangi ya jino, ambao hukaushwa kwa taa maalumu ya buluu. Ni mzuri kwa macho, lakini hutaka umeme, vyombo na mahali pakavu. Namna ya pili ni saruji itengenezwayo kwa unga wa kioo uliochanganywa na maji yenye asidi, nayo huitwa glasi-ayonoma. Haina zebaki hata kidogo. Hushikamana na jino yenyewe, tena hutoa floraidi ikasaidia kulilinda.

Na hapa nchi ya Tanzania ina fahari ambayo wenyeji wengi hawaijui. Katikati ya miaka ya 1980, matabibu wa shule ya meno ya Dar es Salaam, pamoja na Mholanzi Jo Frencken, walitafuta njia ya kuokoa meno vijijini pasipo umeme wala maji ya bomba, maana waliona ya kuwa watu hawapati tiba nyingine ila kung'olewa. Wakaanza kuuondoa uozo kwa vyombo vya mkono tu. Kishoka kidogo hupanua mlango wa tundu. Kijiko kidogo chenye makali hukwangua uozo laini. Kisha saruji hutiwa na kushindiliwa kwa kidole kilichopakwa mafuta, ikiingia pia katika mifereji ya jino. Hakuna mashine inayovuma, na mara nyingi hakuna hata sindano, kwa kuwa sehemu iliyokwisha kuoza haina uchungu mwingi. Njia hiyo ilienea duniani, na Aprili 7, 1994, Siku ya Afya Duniani, ambayo mwaka ule ilihusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa yote.

Ina mipaka yake. Hudumu vizuri katika tundu dogo la upande mmoja wa jino, na hudumu kidogo katika tundu kubwa la pande mbili au tatu. Haifai kwa jino lililooza mpaka kwenye mshipa wake au lenye jipu. Hilo hutaka kutibiwa mzizi au kung'olewa. Lakini kwa mama mwenye mimba aliye mbali na mji, ambaye jino lake limeanza tu kutoboka, ni vigumu kufikiri njia imfaayo zaidi: haina zebaki, haitaki vidonge, na huisha upesi. Sharti lake ni moja, aende mapema, tundu lingali dogo. Ngoja tuliyoitaja mwanzoni ndiyo imnyimayo nafasi hiyo.

Nani aambiwe

Mwalimu akiisha kuyajua haya, asidhani ya kuwa inatosha kumwambia mwanamke peke yake. Katika nyumba nyingi za Wakurya, na vivyo hivyo kwa Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye wa Serengeti, mke kijana hatoki kwenda hospitali bila idhini na nauli ya mume au ya mama mkwe. Tena kwa Wakurya iko ndoa iitwayo nyumba ntobhu, ambayo mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume humwoa binti ili amzalie watoto wa nyumba yake. Hapo mwenye kauli ni yule mwanamke mkubwa. Huyo ndiye wa kuendewa kwa heshima na kuelezwa, wala asiambiwe ya kuwa shauri lake la zamani lilikuwa ujinga. Aambiwe ya kuwa huruma yake ilikuwa njema, na sasa imepatikana njia ya kuitimiza.

Siku ifaayo ni ile ya kliniki ya wajawazito, kwa kuwa mwanamke amekwisha kupewa ruhusa ya kutoka na kadi yake i mkononi. Aseme kwa mkunga, "Nina jino bovu," naye ataelekezwa kwenye chumba cha kinywa na meno cha hospitali ya wilaya, au kituo kilicho karibu chenye tabibu wa meno. Afikapo aseme mambo mawili kabla hajafungua kinywa: kwamba ana mimba ya miezi kadha, au ananyonyesha, na kwamba, ikiwa jino lazibika, apendelea saruji isiyo na zebaki. Maneno hayo mawili hayana gharama, na tabibu hawezi kuyajua yasiposemwa, hasa mimba ikiwa changa.

Dalili moja haitaki kliniki wala idhini ya mtu. Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, kinywa kikawa hakifunguki, kumeza au kupumua kukawa shida, pamoja na homa, mama apelekwe hospitali siku ile ile, hata usiku. Usaha wa jino uweza kuziba koo, na mtu akafa, yeye na mtoto pamoja. Wengi wa wafikao katika hali hiyo walianza kwa tundu dogo na shauri la kungoja.

Basi mtu akimwuliza mwalimu, "Je, mwenye mimba azibwe jino?" ajibu hivi: Naam, azibwe, na mapema, kwa ganzi ikihitajiwa, kwa saruji isiyo na zebaki, la zamani lililo zima liachwe, vidonge viitwe kwa majina, si kwa rangi, na mtoto aendelee kunyonya.